Jiwe Letu, Maji Yao

Kuna njia nyingi za kudai mahali pasipo na mtu.

Unaweza kurusha vijiti vya chuma kutoka kwenye ndege, kila kimoja kikiwa na nembo ya serikali yako, vikajichomeke kwenye barafu. Ujerumani ya Hitler ilifanya hivyo Antaktika mwanzoni mwa 1939. Unaweza kufungua posta mahali ambapo hakuna jirani wa kuandikiwa barua, ukabandika stempu zenye kichwa cha mfalme wako. Uingereza ilifanya hivyo, Antaktika hukohuko, mwaka 1944. Unaweza kumpandisha mama mjamzito kwenye ndege, umpeleke kambi ya jeshi kwenye baridi ile, ajifungue huko, halafu uuambie ulimwengu: oneni, tuna mzaliwa wa huku. Argentina ilifanya hivyo, na mtoto akazaliwa Januari 1978.

Au unaweza kupiga hema juu ya jiwe katikati ya ziwa, usimike bendera, kisha uanze kuitisha pesa. Polisi wa Uganda walifanya hivyo Migingo mwaka 2004.

Najua unajiuliza Antaktika na Migingo zinakutania wapi. Moja ni bara la kilomita za mraba milioni 14 hivi, yaani Kenya 24 zikipangwa pamoja, na karibu lote limefunikwa na barafu. Nyingine ina mita za mraba kama 2,000, haifiki hata theluthi ya uwanja wa mpira. Kule kuna pengwini na wanasayansi wa zamu. Huku kuna mabati yaliyobanana hadi ukikohoa, jirani wa tatu anakuambia pole. Lakini swali ni lilelile: mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiishi huwa pa nani? Kule kwenye barafu, nchi zilizokaribia kupigana zilipata nafuu kwa kuliweka swali hilo kabatini. Sisi tumeling'ang'ania zaidi ya miaka 20, na ninachotaka kuonyesha ni kwamba hata tukilijibu vizuri kabisa, mvuvi bado atalala njaa.

*

Mimi ni wa Magunga, Suba Kusini, upande wa Gwassi. Nilisomea historia chuo kikuu miaka miwili, ada ikanishinda, nikarudi nyumbani na daftari zangu. Ukikulia huku, Migingo si habari ya saa tatu usiku. Ni mahali ambapo baba mdogo ameenda na hajapiga simu wiki mbili. Ni deni la petroli ya injini ambalo mwenye duka anakukumbusha wewe ambaye hujawahi kupanda boti.

Kabla ya mistari ya wakubwa, ziwa hili lilikuwa barabara. Abasuba, watu wa Gwassi, Mfangano na Rusinga, wanasimulia kwamba wazee wao walivuka kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga katika karne ya 18, wakikimbia vurugu za huko. Leo wengi wetu tunaongea Dholuo, na Olusuba imebaki midomoni mwa wachache, hasa wazee. Kwa hiyo mtu akituambia turudi kwetu kwa sababu haya ni maji ya Uganda, kuna kichekesho hapo. Kwetu ni wapi hasa, kama babu alitoka hukohuko?

Mistari ilipokuja, ilikuja kwa haraka. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana ziwa kwa kufuata digrii moja kusini mwa ikweta. Kaskazini kwa Mwingereza, kusini kwa Mjerumani, na samaki katikati. Kisha likaja la pili, ambalo hatufundishwi vizuri shuleni: hadi Aprili 1902 mwambao huu wetu wa mashariki ulikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mpaka Naivasha. London ikauhamishia himaya ya Afrika Mashariki, kwa sababu moja kubwa ya kiofisi, kwamba ilifaa reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Watu walilala Uganda wakaamka katika nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya, na hakuna aliyewagongea mlango kuwaambia.

Karatasi ile ya 1902 haikufa. Februari 1976 Idi Amin aliitoa kabatini na kutangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa Uganda kihistoria. Kenyatta akajibu kwamba hata inchi moja haitoki. Kilichomzima Amin, ukiacha hasira za Wakenya, ni uamuzi ambao viongozi wa Afrika walifanya Cairo Julai 1964: mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru ndiyo hiyo hiyo, tusiifukue, tukianza kufukua hatutamaliza. Uamuzi ule una ubaridi wake, maana ulihalalisha rula ya mkoloni. Lakini bila huo, kila mwambao wa bara hili ungekuwa na Amin wake.

Sasa shika mstari mmoja zaidi, ndio wenye kesi yetu. Mwaka 1926 Uingereza ilitoa amri iliyoeleza mipaka ya koloni la Kenya. Ndani ya ziwa, mpaka na Uganda unaanzia kwenye digrii ile moja kusini, unapanda hadi ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, kisha unakwenda kaskazini kutoka kisiwa hadi kisiwa: Ilemba, Kiringiti, Mageta, Sumba. Uganda yenyewe imeunakili mpaka huo ndani ya Katiba yake ya 1995, katika jedwali la pili. Ukichora mstari huo, Migingo inabaki mashariki yake, upande wa Kenya, kwa takribani nusu kilomita.

Migingo haitajwi popote katika maelezo hayo. Halikuwa jambo la kutajwa. Lilikuwa jiwe la ndege na nyoka.

*

Neno "tupu" linahitaji kuchunguzwa, hasa na sisi tulio jirani na Lambwe.

Wakoloni walilipenda sana neno hilo. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali ya Uingereza walishauri kwamba penye ardhi isiyokaliwa na pasipo na kile walichokiita serikali, taji linaweza kujitwalia. Sheria ya ardhi ya 1902 katika himaya ya Afrika Mashariki ikasimama juu ya mawazo hayo, ikaanza kugawa ardhi kwa walowezi. Iliyofuata, ya 1915, ikapanua mlango hadi ardhi waliyokaa Waafrika wenyewe ikahesabiwa kuwa ya taji. Ona mwendo huo: unaanza kwa kuchukua patupu, unamaliza kwa kuchukua penye watu.

Halafu utupu wenyewe mara nyingi ulitengenezwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kuzunguka ziwa hili. Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliamuru kuanzia 1906 watu wahamishwe kutoka ufuoni, na visiwa vya Ssese vikafuata. Ramani iliyochorwa baada ya hapo ilionyesha pwani na visiwa bila mtu, kana kwamba ndivyo vilivyoumbwa. Bonde la Lambwe, hapa nyuma ya vilima vyetu, mbung'o waliwafukuza watu na ng'ombe kwa miaka mingi. Mwaka 1966 likawa hifadhi ya wanyama, na 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya korongo. Mgeni akipita pale leo anaona nyika safi. Wazee wanaona kitu kingine.

Antaktika ni tofauti, na lazima niseme hivyo. Kule hakuna bibi ya mtu aliyehamishwa. Utupu wake ni wa kweli. Ndiyo maana ni mahali pazuri pa kuwatazama wakubwa wakidai kitu bila kisingizio cha kusaidia mtu yeyote. Kati ya 1908 na miaka ya 1940, nchi saba zilikata vipande kama keki, karibu vyote vikianzia pwani na kuchongoka kuelekea ncha ya kusini: Uingereza, New Zealand, Ufaransa, Australia, Norway, Chile na Argentina. Vipande vya Uingereza, Chile na Argentina vilipandana. Mwaka 1952, mahali panapoitwa Hope Bay, Waajentina waliwafyatulia Waingereza risasi juu ya vichwa ili wasishuke na mizigo yao. Watu walikuwa tayari kuuana kwa ajili ya ardhi isiyoota hata sukumawiki.

Na kuna kipande kimoja ambacho hakuna aliyekitaka hadi leo, kiitwacho Marie Byrd Land. Kina ukubwa wa karibu Kenya tatu. Ni mbali mno na baridi mno. Hapo ndipo unaelewa: utupu peke yake hauvutii bendera. Kinachovuta bendera ni faida.

*

Faida ya Migingo ina jina: mbuta.

Sangara huyu hakuwa wa ziwa letu. Aliletwa miaka ya 1950, Waingereza wakitaka samaki mkubwa atakayekula fulu wadogo na kugeuka pesa. Kwa miaka 20 na zaidi alikaa kimya. Miaka ya 1980 akalipuka. Aina mamia za fulu zikapotea, viwanda vya kukata minofu vikajengwa Kisumu, Mwanza na Jinja, na samaki wa kwetu akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya huku sisi tukibaki na vichwa na mifupa ya mgongo. Baadaye ikaja biashara ya mabondo, lile puto la ndani ya tumbo la mbuta, linalokwenda China na kulipwa kwa kilo bei ambayo nyama ya samaki huyohuyo haiioti.

Wavuvi wa Kenya wanasema wa kwanza wao walipanda Migingo mwaka 1991, wakafyeka magugu na kufukuza nyoka. Uganda nayo ina wavuvi wake wanaosema walifika baadaye na kukuta kibanda kitupu. Wote walifuata kitu kimoja. Maji ya karibu na pale yalikuwa bado na mbuta wa maana wakati ghuba zetu zilikuwa zimeanza kukauka samaki. Karibu na Migingo kuna kisiwa kikubwa zaidi, Usingo, na watu hawakukimbilia kule. Walibanana kwenye jiwe: maduka, baa, kinyozi, kanisa la mabati.

Serikali zikafuata samaki kupitia kwa wavuvi. Hapo ndipo lile hema la 2004. Wavuvi wa Kenya walianza kutozwa vibali na kunyang'anywa samaki, wengine wakikamatwa. Kufikia 2009 jiwe lilikuwa limepanda hadi Nairobi. Machi mawaziri wa nchi mbili walikutana Kampala. Aprili vijana wa Kibera walikasirika hadi wakang'oa kipande cha reli inayokwenda Uganda, reli ileile iliyotuhamisha nchi mwaka 1902. Juni wapima wa pande zote mbili walianza kazi pamoja, lakini hawakuimaliza pamoja. Agosti ikaja sensa ya Kenya, ikahesabu Migingo watu 131. Kuhesabu watu nako ni kudai, tena kwa kalamu.

Kati ya hayo yote, Mei 2009, Rais Museveni akasema sentensi ambayo Wakenya wengi waliisikia kama tusi tupu, hasa kwa sababu aliichanganya na maneno ya dharau kuhusu Wajaluo. Alisema, kwa kifupi, kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda.

Ondoa dharau, kisha soma tena ile amri ya 1926. Jamaa alikuwa amesoma ramani. Jiwe liko upande wetu kwa nusu kilomita. Baada ya hiyo nusu kilomita, ukielekea magharibi kwenye kina, ni Uganda. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria; Uganda ina zaidi ya asilimia 40, Tanzania karibu nusu. Mbuta halali juu ya jiwe. Tukishinda kesi ya Migingo kesho, tutakuwa tumeshinda mahali pa kufulia nguo.

*

Kuna watu watasema twende mahakamani tumalize. Sawa, tuangalie mahakama husema nini.

Watu wengi mtaani hudhani hoja yetu kubwa ni ukaribu: Migingo iko karibu na Muhuru kuliko ilivyo karibu na pwani yoyote ya nchi kavu ya Uganda. Hoja hiyo ilishindwa zamani. Mwaka 1928, katika kesi ya kisiwa cha Palmas kati ya Marekani na Uholanzi, msuluhishi Max Huber alisema ukaribu si hati. Kilichompa Mholanzi kisiwa ni kwamba alikuwa ametawala pale kwa muda mrefu bila kupingwa. Mwaka 1933, katika kesi ya Greenland Mashariki kati ya Denmark na Norway, mahakama ikaongeza kwamba sehemu za baridi zisizo na watu zinahitaji utawala kidogo tu kuthibitisha umiliki.

Ukisoma hizo mbili ndipo unaelewa bendera, stempu, mama mjamzito, na risiti za kodi za Migingo. Hakuna anayefanya hivyo kwa upumbavu. Kila risiti ni ushahidi unaowekwa akiba kwa jaji wa siku za usoni. Wahenga walituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Walichosahau kuongeza ni kwamba jirani naye anaweza kununua daftari.

Kwa bahati nzuri kwa Kenya kuna kesi ya tatu. Mwaka 1986, Burkina Faso na Mali zikigombania mpaka, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema penye hati ya mpaka iliyorithiwa, hati inashinda vitendo. Yaani aliyepiga hema kwenye ardhi yenye hati ya mwingine hapati kitu kwa kupiga hema. Kwa amri ya 1926, pamoja na Katiba ya Uganda yenyewe, sioni jinsi Kenya ingeshindwa kuhusu jiwe.

Lakini jaji yuleyule atakayetupa jiwe atapitisha wino juu ya mstari wa majini. Na baada ya hukumu ya Oktoba 2021 kuhusu bahari na Somalia, ambayo Kenya iliikataa, sidhani kuna waziri Nairobi anayeota kurudi The Hague. Kampala nayo haina haraka. Hali ya kutojua inawafaa wakubwa wote: Nairobi haiambiwi imepoteza maji, Kampala haiambiwi imepoteza jiwe. Anayelipa bei ya kutojua ni mwenye boti.

*

Turudi kwenye barafu, tuone walivyofanya.

Desemba 1, 1959, nchi 12 zilitia sahihi Mkataba wa Antaktika mjini Washington. Wote saba wenye vipande walikuwemo. Marekani na Muungano wa Kisovieti walikuwemo pia, katikati ya Vita Baridi. Kiini chake ni kifungu cha nne, na ujanja wake ni wa kizee kabisa. Kinasema hivi kwa lugha ya kwetu: anayedai aendelee kudai, asiyekubali aendelee kutokubali, lakini kuanzia leo chochote utakachofanya kule hakitaongeza wala kupunguza dai la mtu. Jenga kambi, simika bendera, zaa mtoto. Mbele ya jaji ni sifuri. Mtoto yule wa 1978 alikuja wakati daftari lilikuwa limeshafungwa.

Ukishaondoa faida ya kuonyesha umiliki, watu wanaanza kuongea kuhusu matumizi. Jeshi marufuku, isipokuwa kusaidia utafiti. Kambi ziko wazi kukaguliwa na yeyote kati yao. Mwaka 1980 wakaongeza mkataba wa viumbe wa baharini, unaopanga nani avue nini na kiasi gani bila kuuliza kwanza maji ni ya nani. Mwaka 1991, mwaka uleule ambao wavuvi wetu wanasema walipanda Migingo, wakatia sahihi itifaki ya Madrid inayopiga marufuku uchimbaji wa madini.

Sitaki kuuza mbinguni hapa. Mkataba ule ulikuwa klabu ya wenye meli. Kenya na Uganda za 1959 zilikuwa bado chini ya Uingereza. Kutoka bara letu lote aliyeketi mezani ni Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1982 Mahathir Mohamad wa Malaysia alisimama Umoja wa Mataifa akauliza kwa nini ardhi isiyo na wenyewe isiwe ya binadamu wote, na nchi nyingi za Afrika zikaunga mkono, zikitaka pia makaburu waondolewe mezani. Klabu ilibaki klabu. Hata leo uamuzi kule unahitaji wote kukubaliana, na wakubwa kama Urusi na China wamezuia hifadhi mpya za bahari. Lakini tangu 1959 hakuna askari wa nchi moja aliyemuua wa nchi nyingine kwa ajili ya kipande cha barafu, na dai hata moja halijafutwa.

*

Kinachoniuma ni kwamba ziwa letu lina chombo cha namna hiyo tayari. Juni 30, 1994, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba mjini Kisumu, wakaunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake Jinja. Kazi yake ni samaki wa ziwa zima. Limesaidia kupanga vipimo vya mbuta, kwamba chini ya sentimita 50 usiguse. Lina mtandao wa kamati za bichi, zile tunazoita BMU, ambazo karibu kila mvuvi anazijua. Lakini shirika hilo hupanga tu. Mkono wa kukamata umebaki kwa kila serikali. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi ziwani kusimamia sheria za uvuvi. Hapo kipimo cha samaki na swali la mpaka vikaingia kwenye boti moja, na bunduki juu yake.

Baba mdogo aliwahi kupoteza nyavu na injini kwa watu wenye sare. Sare gani sitasema, na kwa kweli hata yeye alisema giza lilikuwa zito. Alichotaka si kuambiwa kisiwa ni cha nani. Alitaka ofisi moja ya kwenda kuuliza. Upande mmoja walimwambia hayo yalitokea maji ya wengine. Kuvuka kwenda kuwauliza hao wengine kulihitaji injini, na injini ndiyo iliyochukuliwa.

Ndio maana kila uchaguzi, mwanasiasa anaposhuka Sori au Mbita akapaza sauti kwamba Migingo ni yetu, nashangilia kidogo kwa heshima halafu nangoja sentensi ya pili. Ya kwanza naijua, iko kwenye amri ya 1926. Ya pili ingekuwa hivi: serikali tatu zitatambua kibali kimoja cha mvuvi, kinachonunuliwa mara moja na kuheshimiwa pande zote za mstari. Risiti yoyote itakayotolewa Migingo haitatumiwa na nchi yoyote kama ushahidi wa umiliki, kama kile kifungu cha nne. Na kutakuwa na meza moja, iwe Kisumu au Jinja, ambapo mtu aliyenyang'anywa nyavu anaweza kulalamika bila kujali zilichukuliwa kilomita ngapi kutoka kwenye jiwe.

Hilo halihitaji Kenya kuacha inchi yake wala Uganda kuacha maji yake. Bendera zinaweza kubaki zote mbili, zipeperuke hadi zichanike. Barafuni kule bendera zipo nyingi na hazimnyimi mtu usingizi, kwa sababu zimeshaondolewa meno.

Tofauti moja kubwa inabaki, na ndiyo inayotupa haraka. Antaktika inaweza kungoja. Itifaki ya Madrid haiwezi hata kufunguliwa kirahisi kabla ya 2048, na barafu haina ada ya shule. Migingo ina watu. Kila usiku wanasukuma boti kutoka jiwe ambalo ni letu, wanaingia maji ambayo ni yao, wakitafuta samaki ambaye aliletwa na mtu wa tatu. Wakirudi asubuhi wakiwa na mbuta kumi, wanatakiwa kujua wawafiche kutoka kwa nani.